Zima, washa, piga ramli: uhakiki wa ushauri wa WiFi tunaopeana

Laptopu yako inakatakata WiFi, ukauliza msaada. Utakachojibiwa unakijua kabla hujamaliza kuuliza: zima uwashe. Sahau mtandao, halafu unganisha upya. Sasisha draiva. Chomoa ruta, hesabu mpaka 30, chomeka. Sogea karibu. Rudisha mipangilio yote ya mtandao kama ilivyotoka kiwandani. Ikishindikana, mpelekee fundi akupigie Windows upya. Orodha huwa na hatua kumi, wakati mwingine kumi na tano, na hakuna hata moja inayokuuliza swali.

Makala haya ni uhakiki wa orodha hiyo. Nayo ni maandishi kama maandishi mengine: ina msomaji wake, ina lugha yake, na ina namna yake ya kufikiri kuhusu ulimwengu. Namna hiyo ya kufikiri ndiyo inayonikera. Sisemi hatua zake ni za uongo. Nyingi zimeshawahi kumsaidia mtu fulani mahali fulani. Tatizo ni kwamba kila hatua ni dawa ya ugonjwa tofauti, na orodha haitaji ugonjwa hata mmoja. Ni sawa na kwenda duka la dawa ukasema unaumwa, ukapewa Panadol, dawa mseto, antibayotiki na dawa ya minyoo, umeze zote. Ukipona, kila mtu atasema dawa yake ndiyo iliyokuponya.

Na hapo kwenye "ukipona" ndipo penye mtego wa kwanza. Tuseme unatumia laptopu saa 8 kwa siku, na WiFi inakatika kama mara 3 katika muda huo, bila mpangilio. Unasasisha draiva, unakaa saa nzima, haijakatika. Unaandika kwa furaha: "Asanteni, imekubali!" Sasa piga hesabu. Matukio 3 kwa saa 8 ni wastani wa 0.375 kwa saa. Kwa matukio yanayotokea ovyoovyo, uwezekano wa kupita saa moja bila tukio lolote, hata kama hujagusa kitu, ni kama asilimia 69. Yaani zaidi ya theluthi mbili ya watu watapata saa moja ya utulivu baada ya kufanya chochote kile, hata wakiifuta laptopu vumbi tu. Ili uanze kuamini kwamba umetengeneza kitu, inabidi upitishe siku nzima ya saa 8 bila kukatika. Uwezekano wa hiyo kutokea kwa bahati ni kama asilimia 5. Shuhuda nyingi za "imekubali" zimeandikwa ndani ya saa ile moja. Ndo maana orodha ina hatua kumi na tano zote zenye mashahidi.

Tuje kwenye mfalme wa hatua zote, zima uwashe. Jamani, inafanya kazi, na kuna sababu. Ruta nyingi zinachagua chaneli zinapowaka tu, zikiangalia wakati huo majirani wako wapi. Ukiizima na kuiwasha, inaweza kuhamia chaneli yenye nafasi. Laptopu nayo ikiwaka upya, draiva inaanza na kumbukumbu safi. Lakini orodha inakuambia uwashe upya vyote viwili, kwa pamoja, na kwanza kabisa. Hii ni kama polisi kufika kwenye tukio na kuanza kupiga deki. Ruta nyingi za nyumbani zinatunza kumbukumbu za matukio yake kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatwa. Umetoa umeme, umefuta ushahidi. Na kwa kuwa umegusa vitu viwili, hata kama umepona hujui ni kipi kilichokuwa kinaumwa, kwa hiyo wiki ijayo ukikatika tena unaanza upya kabisa.

Ushahidi gani? Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana orodha inapanyamazia kabisa.

WiFi haikatiki kimyakimya. Kiwango cha 802.11, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1997, kina utaratibu wa kuagana. Anayetaka kukata, iwe ruta au laptopu, anatuma ujumbe mfupi wenye namba ya sababu. Namba 3 ni "naondoka". Namba 4 ni "nimekuona kimya muda mrefu". Namba 5 ni ruta kusema "nimezidiwa, siwezi kuwahudumia wote mliopo". Namba 15 ni kwamba mapatano ya funguo za siri hayakukamilika kwa wakati. Kwa hiyo swali la kwanza la maana kuhusu laptopu inayokatika ni hili: nani amekata simu? Ruta ndiyo iliyokufukuza, laptopu ndiyo iliyoondoka, au wote wawili walikuwa bado wanataka kuongea ila hawasikilizani?

Na jibu mara nyingi limeandikwa ndani ya mashine yako, saa hizi unavyosoma. Ukitumia Linux, fungua kumbukumbu za mfumo kwa `journalctl` na utafute neno DISCONNECTED. Utakuta mstari wenye `reason=` na namba. Ukiona mwishoni `locally_generated=1`, maana yake ni laptopu yenyewe iliyokata. Mchanganyiko unaopendeza kuukuta ni `reason=4 locally_generated=1`: kwa kawaida laptopu ilikuwa inaisikiliza ruta, haikuisikia kwa muda, ikaamua imeondoka. Hapo tayari umeondoa nusu ya orodha. Nenosiri halihusiki. Bando halihusiki. "Sahau mtandao" haina kazi hapa. Unatafuta kitu kinachozuia laptopu kusikia.

Ukitumia Windows 10 au 11, fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, andika `netsh wlan show wlanreport`. Itakutengenezea ukurasa wenye mchoro wa siku 3 zilizopita: lini uliunganishwa, lini ulikatika, na sababu aliyoiandika mfumo. Kwenye Mac, bonyeza alama ya WiFi huku umeshikilia kitufe cha Option; utaona nguvu ya mawimbi, kiwango cha kelele na chaneli.

Sasa hili ndilo linalonishangaza. Mfumo uleule wa Windows wenye ripoti hiyo nzuri unaificha nyuma ya amri ambayo mtu wa kawaida hataiotea, halafu mbele unakuwekea kitufe cha kutatua matatizo ya mtandao. Ukikibonyeza, kinafanya nini? Kinaangalia hali ilivyo wakati huo. Lakini ugonjwa wetu ni wa kuja na kuondoka. Ukifika kwa daktari homa imeshashuka. Kikikuta kila kitu kiko sawa, kitasema hakijaona tatizo. Kikikuta umekatika, dawa yake kipenzi ni kuzima kadi ya mtandao na kuiwasha, halafu kinatangaza kimerekebisha. Kumbe ni zima uwashe ileile, imevaa suti. Kama chombo cha kuondoa kero ya dakika hiyo, sina ugomvi nacho. Kama chombo cha uchunguzi, ni dhaifu, na kibaya zaidi kinamfundisha mtumiaji kwamba uchunguzi ndivyo ulivyo.

Nina ugomvi pia na kile kialama cha feni chenye vimistari. Kinachanganya mambo mawili yasiyo ndugu. Kwanza, je, laptopu inaisikia ruta? Pili, je, ruta inafika intaneti? Windows inajibu swali la pili kwa kuomba faili dogo kutoka seva ya Microsoft, lenye maneno matatu tu. Likija, intaneti ipo. Lisipokuja, unaona alama ya "hamna intaneti". Ndiyo maana kuna ule msemo wetu wa hosteli, "WiFi iko full lakini haipeleki". Siku hiyo WiFi haijakatika hata kidogo. Kilichokatika ni kipande cha kutoka kwenye ruta kwenda nje, na wewe unahangaika kusasisha draiva isiyo na hatia. Kutenganisha ni rahisi: fungua vidirisha viwili vya amri, kimoja kipige `ping -t` kwa ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kingine kwa 8.8.8.8. Viache vikimbie. Ikikatika, angalia. Vyote viwili vimekufa? Tatizo liko kati yako na ruta. Cha 8.8.8.8 peke yake? Funga laptopu, mpigie aliyekuuzia intaneti.

Vimistari vyenyewe navyo vinadanganya kwa kunyamaza. Vinakuonyesha laptopu inaisikiaje ruta. Havisemi ruta inakusikiaje wewe, na mara nyingi laptopu ina sauti ndogo kuliko ruta. Havisemi pia kuna kelele kiasi gani chumbani. Halafu kuna ile asilimia. Windows inageuza nguvu ya mawimbi kuwa asilimia kwa ngazi iliyonyooka: hasi 100 dBm ni sifuri, hasi 50 ni mia. Kwa hiyo asilimia 50 ni hasi 75 dBm. Wengi tungedhani nusu ni nusu. Lakini desibeli ni ngazi ya kuzidisha. Kila 10 ni mara kumi. Tofauti ya 25 ni takribani mara 316. Ukiona asilimia 50, unapokea moja ya mia tatu na kitu ya nguvu ya yule anayeona mia. Inaweza kutosha kabisa, kama chumba ni kimya. Kama kuna kelele, haitoshi.

Na hosteli hazina ukimya. Kwenye masafa ya 2.4 GHz kuna chaneli 3 tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Chaneli zimepangwa kila baada ya 5 MHz, lakini kila mazungumzo yanachukua kama 20, kwa hiyo anayekaa chaneli ya 3 anawakera wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Ruta 12 kwenye ghorofa moja zinagawana nafasi hizo tatu. Kila kifaa kinasikiliza kabla ya kuongea. Akiongea mwenzake, kinangoja. Utaratibu wa kistaarabu, ila anayeongea polepole anawachelewesha wote. Mara nyingi msongamano unaleta uzito tu. Lakini ruta inatuma mlio wa "nipo" kama mara 10 kwa sekunde, na laptopu ikiikosa milio hiyo mfululizo kwa sababu imefunikwa na kelele, inafikia uamuzi ule wa namba 4.

Ushauri wa "hamia 5 GHz" basi ni mzuri, na ni katika hatua chache za orodha ninazozitetea. Ila unatolewa kama vile 5 GHz ni peponi. Chaneli za 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa. Ruta inayotaka kukaa humo inatakiwa isikilize kwanza, kwa kawaida sekunde 60 au zaidi, na ikihisi rada inatakiwa ihame. Dalili yake ni ya kipekee: watu wote wanakatika sekunde ileile, jina la mtandao linapotea kabisa, halafu linarudi baada ya kama dakika kwenye chaneli nyingine. Hapo hata ubadilishe laptopu tatu hutapona. Unaingia kwenye ruta, unachagua chaneli 36 hadi 48, basi.

Kuhusu draiva sina mengi. Wakati mwingine ndiyo mwenye makosa, hasa kama tatizo lilianza siku moja baada ya sasisho. Lakini kama ni hivyo, tiba ni kurudi toleo la nyuma, na orodha inakusukuma kwenda mbele tu.

Kinachoniuma zaidi ni vitu ambavyo orodha haiviulizi wakati dalili zake ziko wazi. Laptopu inakatika ikiwa kwenye betri, ila ukichomeka chaja inatulia? Inakatika ukiwa unasoma PDF, ila ukiangalia video haikatiki? Huo ni usingizi. Ili kuokoa betri, redio ya laptopu inasinzia kati ya milio ya ruta na kuamka kuuliza kama kuna mzigo wake. Draiva na ruta zisipoelewana kuhusu saa za kuamka, laptopu inapitiliza usingizi. Kwenye Windows unaingia kwenye orodha ya vifaa, unafungua kadi ya mtandao, kichupo cha umeme, unaondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa nguvu. Kwenye baadhi ya laptopu mpya kichupo hicho hakipo, inabidi utafute kwenye mipangilio ya kina ya kadi. Kwenye Linux ni `iw dev wlan0 set power_save off`, ukiweka jina la kadi yako. Hatua moja, bila kufuta chochote.

Au inakatika ukichomeka diski ya nje? Hili wengi hawaamini mpaka waone. Mwaka 2012 Intel walichapisha maelezo ya kiufundi yakionyesha kwamba vifaa na waya za USB 3.0 zinatoa kelele ya redio inayoangukia kwenye 2.4 GHz. Diski yenye waya mbovu, iliyochomekwa sentimita chache kutoka kwenye antena, inaweza kuizima masikio laptopu. Chomeka upande wa pili, au hamia 5 GHz. Kama una tasnifu kwenye diski hiyo na huwa unaifanyia nakala kila ukikaa kuandika, unaweza kumlaumu mwenye ruta mwaka mzima.

Au ukiinamisha skrini kidogo inakatika, ukiinyanyua inarudi? Laptopu nyingi zina antena kwenye fremu ya skrini, na waya zake nyembamba zinapita kwenye bawaba. Fungua funga ya miaka minne inazichosha. Hakuna programu itakayoziunga.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayonirudisha kwa fundi. Kuna mafundi wazuri sana, na wao hawaanzi na flashi ya Windows mkononi. Lakini orodha inapomaliza kwa "piga Windows upya" inamfundisha mwanafunzi kwamba adhabu ya mwisho ni kufuta kila kitu. Watu wanalipa, wanapoteza programu za takwimu walizohangaika kuzipata, wengine wanapoteza sura mbili za tasnifu, na waya iliyochoka kwenye bawaba bado imechoka. Hata ile hatua ya kabla yake, ya kurudisha mipangilio ya mtandao, inaondoa kadi zote za mtandao na kuzisimika upya, na unabaki kuingiza upya manenosiri yote na VPN ya chuo. Orodha inaitaja kama vile ni kupangusa skrini.

Ningeombwa kuandika orodha yangu, ingeanza na swali moja ambalo ni nadra kuliona: je, simu yako nayo inakatika, ukiwa umekaa palepale, dakika ileile? Ila zima kwanza data ya simu. Simu za siku hizi WiFi ikisuasua zinahamia kwenye bando kimyakimya, unaona mambo yanaenda, unasema WiFi nzima kumbe unakula bando. Na hakikisha zote mbili ziko kwenye masafa yaleyale. Simu iliyo 5 GHz si shahidi wa laptopu iliyo 2.4.

Baada ya hapo ni kuandika. Saa na dakika ya kila kukatika, ulikuwa kwenye betri au chaja, nini kilikuwa kimechomekwa, namba ya sababu. Siku mbili tatu zinatosha. Ukiona vipindi vinavyolingana kama saa ya ukutani, kila baada ya dakika 60 kamili kwa mfano, hiyo si kelele. Kelele haina saa. Fikiria muda wa kukodi anwani ya IP au wa kubadilisha funguo, na hivyo vinapangwa kwenye ruta. Ukikuta anwani yako inaanza na 169.254, laptopu iliomba anwani ikanyimwa, ikajitungia ya kwake; kwenye hosteli yenye vifaa vingi huenda anwani zimeisha.

Na kama ni mtandao wa chuo, usiende ofisi ya IT na sentensi ya "WiFi inasumbua", maana watakujibu kwa hatua ya kwanza ya orodha. Nenda na karatasi hiyo, na anwani ya MAC ya kadi yako, ambayo `ipconfig /all` itakupa. Waambie: Jumanne saa 4:12 asubuhi, maktaba ghorofa ya pili, nilikatwa kwa namba 5. Hiyo wanaweza kuitafuta kwenye kumbukumbu zao.